Mzee Tobia na Bia Isiyokuwa Yake

Vijana wa stoo ya Njombe, siku mliyoniaga mliniuliza swali nikaliacha bila jibu, kwa sababu nilikuwa nimeshapandisha mzigo wangu na dereva alikuwa anapiga honi. Mliuliza hii kampuni ya bia ni ya nani hasa, na ilikuwaje mtu wa Mlangali kama mimi akawa miongoni mwa wenye nayo. Sasa nafasi ninayo. Asubuhi nakaa juani nyuma ya nyumba, maana daktari alisema mapafu yangu hayawezi tena baridi ya stoo, na kazi niliyobakiwa nayo ni kusubiri jua lifike kwenye benchi. Ninaandika wakati bendera ya Mwingereza bado inapepea bomani, ingawa hata askari anayeipandisha anajua haitakaa sana. Mambo ya vyeo na mishahara nitayaruka. Mnayajua, na ni mafupi.

Sikuanzia Njombe. Nilianzia Makambako, ambayo wakati ule ilikuwa njia panda na upepo, basi. Barabara ya kutoka Iringa ilifika pale ikagawanyika, moja ikaendelea Mbeya, nyingine ikakata kushoto kuja Njombe na kwenda zake Songea. Palipogawanyika palikuwa na duka la Bwana Jiwa, Mhindi mnene mwenye sauti ndogo, aliyekuwa wakala wa bia kwa nchi hii yote ya juu. Padri wetu alikuwa amenisemea kwake kwamba najua hesabu na mwandiko wangu unasomeka. Bwana Jiwa aliniangalia miguu, ambayo haikuwa na viatu, akanyoosha kidole nyuma ya duka. Mahojiano ya kazi yakaishia hapo.

Nyuma kulikuwa na stoo ya mabati. Ndani, mtu mrefu aliyevaa kofia ya sufu na aproni ya gunia alikuwa amepiga magoti mbele ya kreti la mbao, sikio lake limelala juu ya ubao.

"Kamwene," nikasema.

"Kamwene. Ngoja kidogo, huyu anaongea."

Akaliinamisha kreti taratibu upande mmoja, akalirudisha. Mimi sikusikia kitu.

"Kona ile ya ukutani kuna aliyevunjika," akasema. "Na katikati kuna mwingine anapumua. Haya, fungua."

Nikafungua. Siku hizo kila chupa ilivalishwa ala ya majani makavu ili zisigongane. Kwenye kona nilikuta ala imelowa na ndani yake vipande. Katikati nilikuta chupa nzima ambayo kizibo chake kilikuwa kimelegea, na ukiisogeza sikioni ilitoa mlio mwembamba. Yule mtu hakuangalia hata kama amepatia. Alikuwa ameshaanza kreti la pili.

Huyo ndiye Tobia Mgaya wa Mahongole, mkuu wa stoo. Tulimwita Mzee tangu akiwa bado kijana, kwa jinsi alivyotembea polepole na kumaliza kila alichoanza. Aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Mlangali, na kwamba mimi ni Mkatoliki.

"Afadhali," akasema. "Ninyi pombe hamwiogopi. Mnaweza kuiiba, lakini hamwiogopi."

"Mimi sinywi, Mzee."

"Siku ya kwanza wote hawanywi."

"Na wewe je?"

"Mimi Mlutheri. Hata harufu yake naijua kwa sababu chupa huvunjika."

Kusikiliza kreti kulinichukua muda mrefu kuliko kujifunza Kiingereza. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa magazeti ya zamani ambayo Bwana Jiwa alifungia sukari, na kwa maneno yaliyochapwa kwenye makreti, ndiyo maana mpaka leo naweza kusema kwa ufasaha kwamba mzigo ushikwe kwa uangalifu lakini nikiulizwa habari za nyumbani nababaika. Kreti lilikuwa shule nyingine. Mzee Tobia alinifundisha kwamba chupa iliyojaa vizuri haisemi kitu, chupa iliyopungua hucheka, na iliyovunjika husaga meno. Ukifungua makreti yote kutafuta chupa mbaya, alisema, utavunja na nzuri, na Dar es Salaam watakukata bei ya zote.

Dar es Salaam ndiko bia ilikotoka. Ilipanda reli, kisha ikapanda lori, ikapita Iringa na kufika kwetu imetikisika na imefunikwa vumbi. Juu ya mwanzo wa kampuni nawaandikia nilivyosikia, na nilisikia kwa vipande. Ilisemekana walowezi kadhaa wa Kizungu waliona uchovu wa kusubiri bia ya meli kutoka Ulaya, wakachanga, wakajenga kiwanda Dar es Salaam. Nairobi kulikuwa na wengine waliowatangulia, wenye kiwanda kikubwa zaidi. Mwishowe mkubwa akamchukua mdogo, kama ilivyo kawaida, na tangu hapo bia ikapikwa kwetu na maamuzi yakapikwa Nairobi. Sisi wa Makambako tuliyajua mabadiliko hayo kwa jambo moja: mhuri wa kwenye makreti ulibadilika, na Mzee Tobia akaniambia nisitupe makreti yenye mhuri wa zamani, kwani mbao zake zilikuwa nzito zaidi.

Lazima mkumbuke pia, ninyi mliokuta baa kila kona, kwamba sheria ya wakati ule haikumruhusu Mwafrika kunywa bia ya chupa mpaka awe na kibali cha serikali, na kibali hicho walikipata wachache wa kuhesabika. Bia yetu ilikwenda kwa Wazungu wa mashamba ya miti ya miwati na ya chai, klabuni kwao Njombe, na bomani. Sisi tuliibeba, tuliilinda na kuifunika magunia wakati wa baridi. Hatukuinywa. Hali hiyo ilimfaa Mzee Tobia. Wazee wa kanisa wa Mahongole walipomtania kwamba analala na pombe, aliwajibu, "Nailinda isiwafikie." Wakacheka, na Jumapili akapanda nao Mezani kupokea ushirika.

Hapa inabidi nieleze jambo la Walutheri wa kwetu, kwa sababu baadhi yenu ni watu wa pwani. Mwumini aliyekamatwa na pombe walimtenga. Hakufukuzwa kanisani. Aliendelea kuja, akaimba, akatoa sadaka, lakini alikaa benchi la nyuma kabisa, na wenzake walipokwenda mbele kwenye Meza ya Bwana yeye alibaki amekaa, watu wote wakimwona. Angerudishwa wazee watakaporidhika. Mzee Tobia alikwisha kulikalia benchi hilo. Akiwa kijana alileweshwa ulanzi, pombe yetu ya mwanzi, kwenye arusi ya kaka yake, akaanguka mbele ya mchungaji, akatengwa. Akiwa bado ametengwa, mama yake mzazi aliugua. Siku ambayo mama alibebwa kanisani kwa machela kupokea ushirika wake wa mwisho, jamaa yote ilisimama kwenda naye mbele, na Tobia akabaki nyuma. Mama aligeuza kichwa kumtafuta. Mzee Tobia alinisimulia hayo mara moja tu, tukiwa tunapanga chupa tupu, na aliendelea kupanga.

"Tangu hapo," akasema, "nikiona mwanzi nazunguka."

Basi mlikuwa mkimwona mkali juu ya mambo ya kanisa. Sababu ni hiyo.

Baadaye Bwana Jiwa alifungua stoo Njombe, akamtuma Mzee Tobia aisimamie na mimi niwe karani wake. Nikisema sasa hivi ni miaka gani ya kazi ninayoitamani, ni ile. Tulifika kukiwa na baridi ambayo Makambako ilikuwa haijatuonyesha. Mwezi wa saba majani yaliamka meupe kwa jalidi, na vidole vilikataa kushika kalamu. Kosa kubwa la stoo yetu lilitokea wiki za mwanzo: mlinzi, kwa huruma, aliweka jiko la mkaa karibu na makreti ili bia isigande, na chupa zilizokuwa karibu na jiko zikaanza kupasuka moja baada ya nyingine, yeye akakimbia akidhani anapigwa risasi. Baada ya hapo Mzee Tobia alinunua maganda makavu ya miwati, akayatandaza chini na kuyaegemeza ukutani, na stoo ikatulia. Ilinukia ganda la mti na mbao mbichi. Asubuhi tulichemsha uji kwenye kopo, tukasimama mlangoni tukinywa na kutazama ukungu ukiondoka juu ya mto Ruhuji, na hapakuwa na mtu aliyezungumza mpaka kopo liishe. Nimeonja chai za hoteli tangu wakati huo. Haziufikii ule uji.

Kisha sheria ikalegezwa, na Mwafrika akaruhusiwa kununua bia ya chupa kama mtu mwingine. Stoo ikabadilika kwa msimu mmoja. Baa zikafunguliwa Njombe na Makambako, lori likawa linakuja mara kwa mara, tukaajiri watu. Dar es Salaam walifurahi mpaka mvua zilipoanza. Mvua zikianza, ninyi mnajua, mianzi huanza kutoa ulanzi. Mtu anakata ncha ya chipukizi shambani kwake asubuhi, anatega mbeta, kile kikombe cha mwanzi, jioni anakunywa bila kumwomba mtu ruhusa. Mauzo yetu yakaanguka. Simu za upepo zikaja kutuuliza tumefanya nini. Mwishowe akaja mkaguzi mwenyewe, Mzungu kijana mwenye pua nyekundu, akatuweka mbele yake na kuuliza kwa Kiswahili alichojifunzia Nairobi:

"Nani anashindana na sisi hapa?"

"Mianzi, Bwana," akajibu Mzee Tobia.

"Hiyo ni kampuni ya nani?"

"Ya kila mtu na shamba lake."

Aliandika. Naapa aliandika. Tulimwita Bwana Mianzi tangu siku hiyo, na kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, alipoelewa alicheka mwenyewe. Mwaka uliofuata mvua zilipoanza, Dar es Salaam waliuliza tena vilevile.

Lakini sheria ile ile iliyoifungua baa ilimfunga Mzee Tobia. Sasa bia aliyoilinda iliwafikia. Waumini wa usharika wa Njombe, ambako alikuwa amehamia na familia yake, walianza kuonekana baa, na wengine wakaanza kujaa kwenye benchi la nyuma. Wazee wa kanisa wakauliza swali ambalo ni la haki: ikiwa mnywaji anatengwa, anayemletea pombe je? Wakamwita.

Aliniambia siku tatu kabla, na jambo lenyewe lilimnyima hamu ya kula. Hakuogopa kuacha kazi. Aliogopa benchi. "Watauliza bia ni ya nani," akasema. "Nimeishika miaka yote hii, karani, na sijui."

Mimi pia sikujua. Kwa bahati Bwana Mianzi alikuwa Njombe, nikamwomba atueleze. Alikaa juu ya kreti, akatufafanulia kwamba kampuni haina mwenyewe mmoja. Imegawanywa vipande vinavyoitwa hisa, na kila mwenye hisa ni mwenye kampuni kwa kadiri ya hisa zake. Wengine wako Nairobi, wengine London, wengine hawajawahi kuiona Tanganyika.

"Wengine ni wajane," akasema. "Mume anakufa, anamwachia mkewe hisa."

"Na huyo mjane anajua kwamba ana bia hapa Njombe?" akauliza Mzee Tobia.

"Nadhani hajui Njombe ni nini."

Mzee Tobia akatikisa kichwa polepole. "Maskini," akasema. Sikujua anamhurumia nani.

Siku ya kikao nilikwenda naye kama shahidi, Mkatoliki peke yangu katika chumba cha Walutheri, nikakalishwa karibu na mlango. Mwenyekiti wa wazee alikuwa Yeremia Mwalongo, fundi seremala, mtu wa haki na mwenye macho yaliyozoea kutafuta penye pengo.

"Karani," akaniambia, "wewe unasoma mambo. Hii bia ni ya nani?"

"Ni ya wenye hisa, Mzee."

"Ndio akina nani?"

"Ni wengi. Wako Nairobi, wako Ulaya. Baadhi ni wajane."

Mzee mmoja akashtuka. "Wajane wanauza pombe?"

"Hawauzi. Wana hisa tu."

"Anauza nani?"

"Wakala, Bwana Jiwa."

"Mhindi tunamjua, yeye anasema bia ni ya Dar es Salaam. Na Tobia?"

"Mzee Tobia anatunza stoo."

Yeremia akawageukia wenzake. "Jamani, wanywaji tunao, tumewajaza benchi zima. Muuzaji ndiye hapatikani." Wakacheka, hata mchungaji. Mzee Tobia hakucheka. Alikuwa ameshika kofia yake ya sufu kwa mikono miwili, akitazama sakafu.

Walishauriana, sisi tukisubiri nje. Tulipoitwa, Yeremia alisimama na kusema kwamba mtu aliyeajiriwa kutunza mali ya wengine hawatamhesabia mali hiyo. Angeendelea kupanda Mezani. Kisha akaongeza, kwa kuwa alikuwa fundi na hakupenda kuacha upande mmoja bila kupigwa randa: "Lakini mwenye pombe, hata sehemu yake ikiwa ndogo namna gani, atakaa nyuma. Umesikia, Tobia?"

"Nimesikia."

Tukarudi stoo. Njiani alinunua karanga, akanipa zote. Kazi ikaendelea vizuri kwa miaka, nami nilidhani tumemaliza.

Mengine mliyaona kwa macho yenu, ila mliyaona kwa nje. Siasa ilipopamba moto na kila mtu akawa anasema serikali ya wenyewe inakuja, kampuni nayo ilianza kutafuta nyuso nyeusi za kuweka miongoni mwa wenye nayo. Ikatangazwa kwamba wafanyakazi wa siku nyingi katika kila stoo watapewa hisa kama shukrani. Njombe walichagua wawili, Mzee Tobia na mimi. Bwana Mianzi, sasa mnene na mwenye cheo, alikuja na kitambaa cha meza, biskuti, na maneno ya hotuba. Kesho yake ndiyo ingekuwa sherehe.

Mnamkumbuka dereva wetu Kastori, mtu wa Songea, aliyevaa kadi ya chama mfukoni upande wa moyo. Alipopata habari kwamba Mzee Tobia anasitasita, alikuja kumkabili mbele ya makreti.

"Mzee, mimi sikuelewi. Miaka yote tunauliza, bia ya nani, kiwanda cha nani, nchi ya nani. Leo Mzungu mwenyewe anakuja anasema hii ni yako. Wewe unasema hapana?"

"Sijasema hapana."

"Kumbe unasemaje?"

"Nasema sikuomba."

"Nani aliomba? Uhuru nao utasema hukuomba?"

"Kastori, mwanangu, uhuru hauniketishi benchi la nyuma."

"Kwa hiyo wajane wa Ulaya wawe nayo, sisi tusiwe nayo. Wao hawana kanisa?"

Mzee Tobia alilisogeza kreti ukutani. "Hilo," akasema, "sina jibu lake." Nami naona mpaka leo kwamba Kastori alikuwa na haki, na Mzee Tobia alikuwa na haki, na mahali pa kuziweka haki hizo mbili pamoja sikupaona.

Jioni ile aliniomba nifuatane naye kwa Bwana Mianzi nikatafsiri, ingawa Kiswahili cha yule bwana kilitosha. Alitaka maneno yawe sawasawa.

"Mwambie nashukuru sana. Lakini hisa siitaki."

Nikamwambia. Bwana Mianzi akauliza, "Anataka zaidi?"

"Hapana. Hataki kuwa nayo hata moja. Dini yake haimruhusu kuwa na pombe."

"Lakini amefanya kazi ya bia maisha yake yote."

"Haikuwa yake," akasema Mzee Tobia, mwenyewe, kwa Kiswahili.

Bwana Mianzi alijikuna shingo. Nilimwona anatafuta namna ya kusema jambo. Akasema sherehe ni ya kupeana mikono tu. Majina yalikwisha kuandikwa Dar es Salaam kitambo. Kwa sheria, sisi wawili tulikuwa wenye hisa tangu mwezi uliopita.

Sikuhitaji kutafsiri. Mzee Tobia alikuwa amesimama wima, mkono mmoja kwenye kiti.

"Mwezi uliopita," akasema.

"Ndiyo. Hongera."

Akanigeukia. "Karani. Jumapili iliyopita nilikwenda Mezani."

Alirudi stoo, akavua aproni ya gunia, akaikunja, akaiweka juu ya kreti. Funguo akanipa mimi. Alisema maganda ya miwati ya upande wa kaskazini yameanza kuoza na yanafaa kubadilishwa kabla ya baridi. Ndiyo maneno yake ya mwisho kama mkuu wa stoo. Kesho yake mlipiga makofi kwa mtu mmoja, na mkaambiwa mwingine anaumwa.

Jumapili alikwenda kanisani mapema, akapita viti vya mbele ambako wazee walimzoea, akaenda kukaa benchi la nyuma. Hakuitwa na mtu, wala hakuna aliyejua sababu. Wiki iliyofuata Yeremia Mwalongo alikuja stoo, bado ana vumbi la randa kwenye nyusi.

"Tobia amefanya nini?" akaniuliza. "Tunamwuliza, anasema mwulizeni karani."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Lakini hakujua."

"Hakujua, Mzee."

"Basi hana kosa."

Akaenda kumwambia hivyo. Baadaye nilisikia jibu alilopata. Mzee Tobia alimwambia kwamba walimuuliza kama amesikia, naye akasema amesikia. Hawakusema mwenye pombe akae nyuma isipokuwa hajui. Sasa anajua. Basi wasimwonee haya. Yeremia alitoka pale, nadhani, akijuta kwamba aliwahi kupiga randa ule upande wa pili. Miezi ikapita, Mzee Tobia amekaa nyuma katikati ya vijana waliokamatwa na ulanzi. Waliniambia vijana wenyewe walikuwa wakimwachia nafasi pana, na kwamba mmoja wao aliacha pombe kwa aibu ya kukaa naye.

Mimi nilifanya nilichokijua, yaani kuuliza na kusoma. Nilimwandikia Bwana Mianzi, nikapata jibu kwamba hisa haifutiki, ila inaweza kuhamishwa kwa mtu mwingine ikiwa wote wawili watatia sahihi. Nikaenda kwa Mzee Tobia, nikamkuta anapalilia maharage.

"Nihamishie mimi," nikamwambia.

"Nikutwishe wewe?"

"Mimi Mkatoliki."

Akaegemea jembe. "Padri wako atasema nini?"

"Atauliza kama kuna bei ya jumla."

Alicheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ya funguo. Tulikwenda bomani, tukatia sahihi mbele ya karani wa DC, ambaye alituangalia kama watu waliochanganyikiwa, mmoja anatoa na mwingine anapokea bila hata senti moja kupita katikati. Ndiyo sababu, vijana, mkisikia majina ya wenye kampuni yakisomwa, langu lina hisa mbili. Moja walinipa. Nyingine ni yake.

Nilimwomba arudi stoo. Alikataa bila hasira.

"Walinifanya mwenye mali bila kuniuliza," akasema. "Mimi nilikuwa nalala vizuri kwa sababu moja tu, kwamba nilijua kipi changu na kipi cha watu."

Jibu la Dar es Salaam lilipofika kwamba jina lake limeondolewa, nilimpelekea mwenyewe, naye akalipeleka kwa Yeremia. Jumapili iliyofuata nilitoka misa ya kwanza kwetu, nikapanda kilima mpaka kanisa lao, nikasimama nje karibu na dirisha. Wakati wa ushirika ulipofika watu wa mbele walisimama kama kawaida. Halafu Yeremia Mwalongo, badala ya kwenda na wazee wenzake, alitembea kinyume mpaka benchi la nyuma, akasimama pale. Mzee Tobia akainuka. Walikwenda wote wawili katikati ya kanisa, polepole, kwa mwendo wake ule wa kumaliza alichoanza, na nilipoona mgongo wake umeinama mbele ya Meza niliondoka dirishani, kwa kuwa hayo hayakuwa yangu kuyatazama.

Walipotoka nilimsubiri chini ya ngazi. Alinishika mkono akausahau ndani ya mkono wake. Uso wake ulikuwa umelainika, wa kijana. Tukasimama juani, watu wakipita na kumsalimu.

"Lori la Makambako limeshafika?" akaniuliza.

"Bado. Wamesema mchana."

"Likifika, makreti ya chini uyaangalie kwanza. Barabara ya..." Akauachia mkono wangu, akaurekebisha ukosi wa koti langu kama anavyofanyiwa mtu anayesafiri.

"Haya, nenda," akasema. "Mali yako inakungoja."

Akashuka kwenda kwake, na mimi nikashuka kwenda stoo. Nimefanya kazi pale miaka mingine baada ya siku hiyo, kazi njema, pamoja nanyi, na sina lawama kwa mtu. Lakini mpaka asubuhi ile, hata baada ya yeye kuniachia funguo, nilikuwa nikienda stoo kwa Mzee Tobia. Tangu asubuhi ile nilikuwa nikienda kwenye bia.